Boti ya ski za majini: ununue mpya kabisa au promo ya msimu mmoja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo Waswahili tunaoishi Marekani tunaulizana kila mtu anapofika ile hatua ya kusema sasa nataka boti yangu mwenyewe, nimechoka kupanga foleni kwenye boti ya kilabu. Majibu yanahusu Marekani kwa sababu utaratibu wa boti za promo umekomaa kule, kwenye maziwa ya Florida, Texas, Minnesota na kwingineko ambako mashindano ya ski yanafanyika kila wikiendi ya kiangazi. Wanaofikiria kuisafirisha boti hadi nyumbani nao wana swali lao kule chini.

Boti ya promo ni nini hasa?

Ni boti mpya ambayo kiwanda, kupitia dila wake, kimemuuzia mtu maalum kwa bei iliyopunguzwa kwa masharti. Huyo mtu mara nyingi ni mchezaji mzuri, au jaji, au dereva wa mashindano, au mwenye ziwa lake lenye maboya ya slalomu, yaani ule mchezo wa kuvutwa na boti huku unazunguka maboya kushoto na kulia. Masharti yenyewe ni kwamba aipeleke boti kwenye mashindano ikavute wachezaji, aitunze iwe inang'aa muda wote, awape watu nafasi ya kuijaribu, alafu msimu ukiisha aiuze achukue ya mwaka unaofuata. Kiwanda kinafaidika kwa sababu boti zake zinaonekana na zinavuta watu mbele ya wanunuzi wenyewe, na mtu wa promo anafaidika kwa sababu kila mwaka anaendesha boti mpya bila kubeba hasara kubwa ya kushuka kwa bei. Wewe mnunuzi unaingia pale mwisho wa msimu, unachukua boti yenye umri wa miezi kadhaa.

Kwahiyo promo ni sawa na demo?

Hapana, watu wanachanganya sana hapa. Demo ni boti ambayo dila ameibakiza mwenyewe kwa ajili ya kuwaonjesha wateja, na mara nyingi haijawahi kuandikishwa kwa jina la mtu yeyote, bado iko na kile cheti cha kiwanda tu, kwahiyo kisheria wewe ndo unakuwa mmiliki wa kwanza. Promo kwa kawaida imeshaandikishwa kwa jina la yule mtu wa promo, kwahiyo wewe ni mmiliki wa pili hata kama viti bado vinanukia upya. Hii tofauti inagusa waranti, inagusa kodi, inagusa mkopo, msiipuuze.

Alafu kuna aina ya tatu ambayo watu wanaisahau, mabaki ya mwaka jana, yaani boti mpya kabisa haina hata saa moja ila ni ya modeli ya mwaka uliopita, imekaa kwa dila haijapata mtu. Ukitaka kupima promo kwa haki usiilinganishe na mpya ya mwaka huu peke yake, ilinganishe na hii pia, maana wakati mwingine bei zao zinakaribiana sana na hapo promo inapoteza utamu wake wote.

Naona promo zina masaa 150, 200, hata zaidi, na boti ya jirani yangu ya miaka 5 ina masaa hayohayo. Si imechoka hiyo?

Hili ndo swali linalowakosesha watu boti nzuri kwahiyo nitalijibu kwa kirefu.

Boti hatuhesabu kilomita, tunahesabu masaa ya injini. Sasa angalia masaa ya mashindano yanatengenezwaje. Njia ya slalomu ina maboya 6 ya mchezaji na urefu wake kutoka geti la kuingilia hadi la kutokea ni mita 259. Wanaume wakubwa mwendo wao wa juu ni kilomita 58 kwa saa, wanawake 55. Kwa mwendo wa 58 boti inamaliza hiyo njia kwa sekunde 16 hivi. Baada ya hapo inapunguza, inazunguka au inasimama, kamba inafupishwa, kutoka mita 18.25 kwenda 16, kwenda 14.25, na kuendelea hivyo hadi mchezaji aanguke au akose boya. Muda wote ule ambao watu wanafupisha kamba, wanajibizana kwa redio na mnara wa majaji, wanamsubiri mchezaji avae ski kwenye jeti, yaani gatini, injini inanguruma taratibu bila mzigo na saa inahesabu. Na hata ikiwa kazini, hii ni V8 kubwa ya petroli inayozunguka mara elfu 3 na ushee kwa dakika, mzunguko uleule bila kupanda na kushuka, kwa sababu mwendo unashikwa na mtambo wa GPS unaoitwa Zero Off, dereva hakanyagi ovyo. Injini ya aina hii haijauawa na kazi hiyo, imezoezwa vizuri tu.

Sasa chukua ile ya jirani. Masaa 200 kwa miaka 5 maana yake ni masaa 40 kwa mwaka. Mara nyingi boti kama hiyo imekaa miezi na petroli ya zamani kwenye tangi, oili ya mwaka jana ndani ya injini, impela ya pampu ya maji imejikunja mahali pamoja hadi mpira umekakamaa, panya wameingia chini ya viti. Mimi kati ya hizo mbili nachukua ya promo bila kufikiria mara mbili, ilimradi makaratasi ya sevisi yapo.

Mahali ambapo mashindano kweli yanaitafuna boti ni kwenye gia, sio injini. Kila mchezaji anayeanguka, boti inatolewa gia, inaingizwa, inarudishwa nyuma, inaingizwa tena, siku nzima. Kwahiyo ukienda kuikagua sikiliza gia inavyoingia na ulize oili ya gia imebadilishwa lini. Na kama boti imevuta wanaoruka rampu ujue ile nguzo ya kufungia kamba imebeba mivuto mikubwa kweli, kaitikise kwa mikono miwili.

Naweza kuokoa kiasi gani?

Inategemea mwaka, modeli, na mtu wa promo ana haraka kiasi gani ya kulipia boti yake mpya. Boti mpya za mashindano siku hizi zinapita dola laki moja kwa urahisi, na hapo hujaweka kodi, kwahiyo hata asilimia chache ni hela ya maana.

Ninachosisitiza ni kwamba usihesabu akiba yako kutoka bei ya orodha. Hakuna mtu mwenye akili zake anayelipa bei ya orodha. Muombe dila akuandikie bei yake ya mwisho ya boti mpya yenye vifaa vilevile, hasa kipindi cha maonyesho ya boti kule Januari na Februari, na kutoka namba hiyo ndo utoe bei ya promo. Tuseme kwa mfano tu boti mpya imeandikwa 125,000, dila anakupa kwa 112,000, promo inauzwa 99,000. Muuzaji atakwambia unaokoa 26,000. Ukweli unaokoa 13,000, na ndani ya hiyo 13,000 toa ule muda wa waranti ulioliwa, toa matairi ya trela yakihitajika, toa sevisi, toa na tofauti ya riba maana mabenki mengi yanatoza riba kubwa kidogo kwa boti iliyotumika. Ikibaki asilimia 10 ya bei ya mpya au zaidi mimi nasema chukua promo. Ikibaki 4 au 5 chukua mpya.

Waranti inakuwaje?

Waranti inaanza kuhesabu siku boti ilipoanza kutumika kwa mtu wa kwanza, haisubiri siku wewe uliyolipa. Boti iliyoingia majini Machi ukainunua Oktoba imeshakula miezi 7. Na zipo waranti zaidi ya moja, ya tumbo la boti ni ya kiwanda cha boti, ya injini mara nyingi ni ya kampuni iliyounda injini, trela nayo ina yake, na kila moja ina urefu wake na masharti yake ya kuhamishwa kwa mmiliki wa pili. Baadhi zinataka ujaze fomu ndani ya siku fulani toka ununue, baadhi zinataka ada, baadhi zinataka dila aikague kwanza. Usikubali neno la mdomo la "waranti inahama yenyewe". Chukua namba ya boti na namba ya injini, piga simu kwa dila wa chapa hiyo, omba jibu kwa maandishi.

Alafu ulize kama boti ilifanya kazi kwenye shule ya ski ya kulipisha. Waranti nyingi zinatenganisha matumizi ya familia na matumizi ya biashara, na ya biashara huwa fupi.

Nikienda kuiona niangalie nini?

Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini baridi haifichi kitu.

Anza chini, boti ikiwa kwenye trela. Shika propela uizungushe kwa mkono, izunguke laini bila kukwaruza, alafu pitisha kidole taratibu kwenye kingo za kila bapa. Mgongano mdogo na kijiti unaacha kijino ambacho jicho halikioni ila kidole kinakiona, na kijino hicho kwa mwendo wa 58 unakisikia kwenye usukani kama mtetemo. Propela yenyewe inatengenezeka, ila angalia na shafti na ile mikono inayoishikilia, na vile vipezi vya chini ya mkuku vinavyoifanya boti inyooke. Kipezi kilichopinda kinamaanisha boti iligusa chini au iliparamia kisiki, na hapo unauliza maswali mengine mengi.

Panda ndani. Kwenye mashindano boti inabeba dereva na jaji, basi, kwahiyo viti viwili ndo vimefanya kazi na vingine vyote vitakuwa kama vipya. Angalia mshono wa kiti cha dereva upande anaoingilia. Angalia kapeti chini ya miguu yake. Angalia nguzo ya kamba na kioo cha mbele kama kuna matundu ya skrubu yaliyozibwa, maana mashindano yanahitaji kamera na watu wengine wanatoboa bila huruma. Angalia ubavuni maana promo imefunga kwenye jeti za watu tofauti tofauti na madereva tofauti, mikwaruzo ya jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa, hapo ni ya kawaida, ila ufa wenye umbo la nyota sio wa kawaida.

Stika za wadhamini nazo. Boti ikikaa juani msimu mzima Florida na stika kubwa ubavuni, ukiibandua rangi ya chini yake inakuwa imekolea kuliko pembeni na unabaki na kivuli cha lile neno. Rangi nyeupe haionyeshi sana, nyekundu na nyeusi zinaonyesha. Omba stika zibanduliwe kabla ya kulipa.

Fungua kifuniko cha injini, na boti za ski injini iko katikati kabisa kwahiyo huna kisingizio cha kutoangalia. Ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambako maji hujikusanya, iwe kavu na safi. Maji kidogo sawa, ila oili ikielea juu ya maji hapo ngama sio sawa. Chomoa kijiti cha oili, oili yenye rangi ya maziwa maana yake maji yameingia na safari yako imeishia hapo.

Baada ya hapo ingia majini, na usikubali kuonyeshwa boti kwa kuwashwa kwa mpira wa maji wa bustani tu kama ziwa halijaganda. Mvute mchezaji mzito kwa mwendo anaouzoea. Joto la injini lipande hadi pale thermostati inapofungua, mara nyingi karibu nyuzi 70 za Selsiasi, lisimame palepale. Achia usukani kidogo uone inanyooka au inavuta upande. Sikiliza.

Na trela, wallahi trela. Hii watu hawaiangalii kabisa wakati boti ya promo imesafirishwa barabarani kuliko boti yoyote ya familia, jimbo hadi jimbo kila wikiendi, kwahiyo trela inaweza kuwa imechoka kuliko boti yenyewe. Pasha moto beringi kwa kuivuta kilomita 10 hivi alafu gusa kila kitovu cha gurudumu, kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake kina tatizo. Jaribu breki. Na matairi yana tarakimu 4 za mwisho ubavuni baada ya herufi za DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa.

Kuna njia ya kujua kama injini imepelekeshwa?

Ipo na ni nzuri kweli. Kompyuta ya injini inahifadhi masaa, na kwenye injini nyingi za kisasa inahifadhi pia ni masaa mangapi yametumika kwenye kila kiwango cha mzunguko, pamoja na kumbukumbu za kuzidi joto au kukosa presha ya oili. Fundi wa dila anachomeka kifaa chake anakuchapia karatasi. Ukiona sehemu kubwa ya masaa iko kwenye mzunguko wa chini kabisa na kwenye 3,000 na kitu, hiyo ni boti ya slalomu. Linganisha na masaa yaliyoko kwenye dashibodi pia. Fundi wa kujitegemea ni bora zaidi kuliko fundi wa muuzaji, na ukitaka kutulia kabisa chukua kijichupa cha oili ya injini na cha oili ya gia upeleke maabara, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya boti na wanakwambia kama kuna chembe za chuma.

Mtu wa promo nimuulize nini?

Oili ya kwanza ilibadilishwa kwenye masaa mangapi, na baada ya hapo kila baada ya mangapi. Yule aliye makini anakujibu bila kufikiria na anakupa daftari au risiti, maana injini hizi zinataka sevisi ya kwanza mapema, alafu kwa kawaida kila masaa 50. Muulize nani wengine waliiendesha. Boti ya mtu mmoja anayeitunza na boti iliyopita mikononi mwa madereva wote wa kilabu ni vitu viwili, hata masaa yakilingana. Muulize kwanini bado ipo. Promo nzuri huwa zina mtu tayari, kwahiyo ukikuta moja iko sokoni Desemba unataka kusikia sababu, na mara nyingine sababu ni ya kawaida tu, rangi haikupendwa au mnunuzi alikosa mkopo.

Mimi huwa natazama na jinsi anavyofunga boti kwenye jeti. Ila hiyo ni yangu.

Makaratasi?

Kwenye boti yoyote ya Marekani iliyotengenezwa tangu Novemba 1972 kuna namba ya utambulisho inaitwa HIN, ina herufi na tarakimu 12, iko nyuma upande wa kulia juu. Tatu za kwanza ni kiwanda, tano zinazofuata ni namba ya boti yenyewe, na kwa boti za sasa herufi inayofuata ni mwezi, A ni Januari, L ni Desemba, tarakimu moja ya mwaka wa kutengenezwa, na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Ndo maana boti iliyotoka kiwandani Agosti inaweza kuwa ya modeli ya mwaka unaofuata. Soma mwenyewe, linganisha na kadi ya boti na karatasi ya waranti.

Kubwa zaidi ni deni. Watu wengi wa promo wananunua boti kwa mkopo, na mkopo wao unategemea wewe ulipe. Usimkabidhi mtu cheki ukategemea atakwenda kulipa benki yake. Lipa benki moja kwa moja au mkutane kwenye benki, upate karatasi ya kuachiwa dhamana. Na trela ina kadi yake peke yake kwenye majimbo mengi, watu wanarudi nyumbani na kadi ya boti wanagundua trela bado ni ya mtu mwingine.

Muda mzuri wa kununua ni lini?

Modeli mpya zinatoka katikati ya mwaka na mashindano ya taifa ya Marekani yanakuwa Agosti, kwahiyo kuanzia Agosti hadi Novemba ndo promo zinamwagika. Ila wanaopata zile nzuri wanaanza mapema mno, wanamtafuta mtu wa promo wakati wa baridi kabla hajaagiza boti, wanaweka amana, na hapo unaweza hata kuchagua rangi na vifaa kwa sababu kwake yeye boti yenye mnunuzi tayari ni usingizi mzuri. Yaani unapata karibu uhuru wote wa mnunuzi wa mpya kwa bei ya promo. Kwa maoni yangu hii ndo dili bora kuliko zote kwenye ukurasa huu, na kinachohitajika ni kufahamiana na watu, kwenda kwenye mashindano, kusaidia kushika kamba, watu wakujue.

Nani basi anunue mpya kabisa?

Anayepanga kukaa nayo miaka 10 na zaidi, maana ile hasara ya mwaka wa kwanza inajigawa hadi inakuwa ndogo. Anayeishi mbali na dila, anayetegemea waranti kamili kwa sababu hana fundi karibu. Anayetaka vifaa ambavyo watu wa promo hawaagizi, kwa mfano hita au kioo cha kufunga mbele. Na pale ambapo kiwanda kimetoa tumbo jipya mwaka huohuo, hiyo promo ya mwaka jana itakuwa ya umbo la zamani na bei yake ya kuuzia itashuka haraka, kwahiyo ama ushushiwe sana ama uchukue mpya.

Watoto wangu wanataka kuteleza kwenye wimbi nyuma ya boti, sio slalomu. Promo ya ski itafaa?

Haitafaa. Boti ya slalomu imeundwa wimbi la nyuma liwe dogo na laini kadri inavyowezekana, injini iko katikati, tumbo ni bapa. Wanaoteleza kwenye wimbi wanataka kinyume chake, boti nzito, injini nyuma, matangi ya maji ya kuongeza uzito. Zipo promo za aina hiyo pia, tafuta hizo.

Chapa gani?

Zinazobishaniwa kwenye maziwa ni tatu. Correct Craft ya Orlando ilianzishwa 1925 na Ski Nautique yao ipo tangu 1961. MasterCraft ilianza 1968 Tennessee na ski yao kuu ni ProStar. Malibu ilianza 1982 Merced, California, sasa wako Loudon, Tennessee, na wana Response. Zote tatu zinavuta vizuri. Chagua ile ambayo dila wake yuko karibu na wewe na fundi wake anapokea simu, hayo mengine ni mapenzi.

Boti inatoka majimbo ya baridi, kuna hatari?

Kubwa moja, barafu. Maji yakibaki ndani ya injini yakaganda yanapasua bloku. Ikiuzwa Novemba kutoka Michigan au Minnesota ulize nani aliyemwaga maji kwenye injini na lini, na omba risiti ya fundi. Kama ziwa limeshaganda na huwezi kuijaribu, lipa amana, muandikiane kwamba salio utalipa Aprili au Mei baada ya kuijaribu majini. Muuzaji anayejiamini anakubali.

Petroli gani?

Fuata kitabu cha injini. Ila mafuta ya E15, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli hadi asilimia 15, yanayouzwa vituo vingi kwa bei rahisi yamekatazwa na sheria ya Marekani kwenye boti, usidanganyike na bei ya pampu.

Nataka kuipeleka nyumbani, Kenya au Tanzania. Inawezekana?

Inawezekana ila jipange. Boti hizi zina upana wa mita 2.4 na kidogo, na kontena la kawaida ndani lina mita 2.35, mlango ni mwembamba zaidi. Haiingii ikiwa imekaa kawaida. Ama itengenezewe fremu ya kuilaza upande ndani ya kontena refu lenye kimo kikubwa, ama isafiri na trela yake kwenye meli ya magari hadi Mombasa au Dar es Salaam, na hapo hakikisha hakuna kitu kidogo cha kuchomoka kimeachwa ndani.

Swali la pili ni maji yenyewe. Boti nyingi za promo zimezaliwa kwa maji baridi ya maziwa, injini inanyonya maji ya ziwa moja kwa moja kujipooza. Ukiiingiza kwenye chumvi ya mkono wa bahari wa Kilifi bila mfumo wa kupoza uliofungwa, kutu itaanza kazi ndani ya injini mahali usipopaona, na trela ya rangi badala ya mabati ya zinki haitadumu. Kama ni ya pwani tafuta promo iliyofungwa huo mfumo toka kiwandani, zipo. Na ubavu wa boti hizi ni mfupi, kusi likishavuma sio boti ya kutoka nje ya mlango wa bahari.

Naivasha ni maji baridi, sawa, ila ziwa liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari na injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake huko juu. Propela iliyokuwa safi Florida itaifanya boti ilemewe kumnyanyua mtu, agiza yenye mkato (pitch) mdogo kabla hujapakia. Usajili waulize mamlaka za vyombo vya majini, KMA kwa Kenya, TASAC kwa Tanzania Bara na ZMA kwa Zanzibar, na ushuru umuulize wakala wa forodha kabla ya kulipa meli. Spea ndogondogo, impela, mikanda, filta, sili ya shafti, propela ya akiba, jaza sanduku zisafiri na wewe.

Nimeshanunua promo, nianze na nini?

Badilisha oili zote mbili na filta hata kama umeambiwa zimebadilishwa juzi, weka impela mpya na ile ya zamani ibaki akiba, paka grisi beringi za trela, hamisha waranti wiki hiyohiyo, na bima ianze kabla boti haijatoka kwenye geti la muuzaji.